Galaksi Ndani ya Simu Yako: Jinsi ya Kupiga Picha za Anga Ukiwa Ushago Marani

Desemba ikifika, wewe kama wasee wengi wa Gusii utapanda mat Nairobi, ushuke Kisii tao, halafu ujibane kwa Probox na watu wengine tisa na kuku mmoja hadi Marani. Siku ya kwanza utakula. Siku ya pili utalala. Siku ya tatu utaanza kulia kwa status kwamba ushago hakuna form.

Form iko, na iko juu ya kichwa chako. Huko mtaani, kwa sababu ya taa za barabara, ukiangalia juu unaona nyota kumi na ndege inayoshuka JKIA. Marani stima ikipotea (na unajua itapotea) unaona ule mkanda mweupe wa Njia ya Maziwa, unaona Kilimia, na ukikazana unaona doa dogo la ukungu chini ya zile nyota tatu zilizopangana mstari. Hilo doa si wingu la mvua. Ni Nebula ya Orion, wingu la gesi na vumbi lililo umbali wa miaka ya mwanga kama 1,300, ambamo nyota mpya zinazaliwa saa hii unaposoma. Na siku hizi unaweza kulipiga picha ya rangi, kwa mashine unayobeba ndani ya begi la shule, bila kusomea fizikia.

Mashine yenyewe inaitwa darubini janja. Ya kwanza kupata jina kubwa kwa wasee wa bei ya kawaida ni Seestar S50 ya kampuni ya ZWO, iliyotoka mwaka wa 2023. Baadaye ikaja ndogo yake, S30, na washindani kama Dwarf 3. Nitatumia S50 kama mfano kwa sababu ndiyo imezoeleka, lakini zote zinacheza mchezo mmoja. Na hapana, hakuna mtu amenilipa.

Ndani yake kuna nini?

Kwanza usahau ile picha ya mzee mwenye ndevu akichungulia kwa bomba. Hii kitu haina mahali pa kuweka jicho. Ni ka-boksi ka kilo mbili na nusu, zaidi kidogo ya pakiti ya unga, kenye lenzi ya upana wa milimita 50, sensa ya Sony, mota mbili, kompyuta na betri. Wewe unakaa kando na simu yako. Simu inaongea na darubini kwa Wi-Fi ambayo darubini yenyewe inatoa, kwa hivyo hauhitaji bando wala network. Ila kuna mtego hapa: mara ya kwanza kabisa lazima uiamshe ukiwa na intaneti. Fanya hiyo kazi tao kabla haujafika mahali ambapo network unaitafuta juu ya mti wa parachichi.

Unachagua kitu kwenye programu, tuseme Orion. Boksi linainua kichwa, linapiga picha ya anga, na linalinganisha mpangilio wa nyota inazoona na ramani iliyo ndani ya kumbukumbu yake. Ni kama vile wewe ukitupwa Kisii tao ukiwa umefungwa macho, halafu kitambaa kitolewe: unaona ile stage, unaona ile kona, unajua uko wapi. Ikishajua inaangalia wapi, inajisogeza hadi kitu chako kikae katikati, inatafuta fokasi yenyewe, halafu inaanza kupiga.

Sasa hapa ndipo uchawi wa kweli ulipo. (Hilo neno nitalirudia baadaye, na sitakuwa nacheka.)

Sensa ya S50 ina pikseli milioni 2 tu. Simu yako inaringa na milioni 50. Mbona basi simu inatoa giza na hii inatoa nebula? Jibu la kwanza ni mdomo wa lenzi. Mboni ya jicho lako kwenye giza inafunguka kama milimita 7, na lenzi ya milimita 50 inakusanya mwanga karibu mara 50 ya hiyo. Ya simu ni ndogo hata kuliko jicho. Jibu la pili ndilo zito: darubini haipigi picha moja. Inapiga picha ya sekunde 10, halafu nyingine ya sekunde 10, halafu nyingine, mamia yake, na kuzilundika zote moja juu ya nyingine.

Fikiria uko stage Kisii, saa kumi na mbili jioni. Honi, redio, wauza ndizi, mhubiri na spika yake. Makanga mmoja akiita "Marani!" mara moja, haushiki kitu. Lakini akiita mara thelathini, kelele zingine zinabadilika kila sekunde, lile neno linabaki lile lile, na masikio yako yanalinyanyua kutoka kwa fujo. Kulundika picha ni hivyo hivyo. Mwanga wa nebula unakuja mahali pale pale kila picha. Ile mchanga-mchanga inayochafua picha za usiku inaruka ruka ovyo. Ukijumlisha, nebula inapanda na mchanga unazama.

Hesabu yake ni hii, na ishike kwa sababu itakuokolea usiku mwingi: uchafu unapungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya picha. Picha 100 zinakupa usafi mara 10 kuliko picha moja. Lakini kutaka usafi mara mbili ya huo si picha 200, ni picha 400. Kwa hivyo kama dakika 10 zimekupa Orion ya "sawa tu", usitarajie dakika 20 zitafanya maajabu. Ngoja dakika 40. Ile saa moja ya picha 360 ndiyo wasee wengi huanza kupiga nduru.

Ni vizuri pia ujue kwamba hata ukichungulia kwa darubini kubwa ya kioo, galaksi haitakuwa na rangi. Seli za macho yetu zinazofanya kazi gizani hazijui rangi. Sensa inajua. Kwa hivyo ile pinki ya Orion si filta ya Instagram, ni haidrojeni inayowaka, na ilikuwa hapo kabla mtu yeyote aite kitu pinki.

Marani imebarikiwa kuliko Ulaya, lakini kwa masharti

Vidio nyingi za YouTube kuhusu hizi darubini zimetengenezwa na watu wa Marekani na Uingereza. Ukiwafuata neno kwa neno utaumia, kwa sababu wewe uko karibu nusu digrii tu kusini mwa ikweta.

Faida kwanza. Msee wa London hataiona Nebula ya Carina maisha yake yote akiwa kwao. Wala Wingu Kubwa la Magellan, ile galaksi ndogo jirani yetu iliyo umbali wa miaka ya mwanga kama 160,000. Msee wa Cape Town naye Andromeda anaiona kwa shida, chini chini karibu na ardhi. Wewe unakula pande zote mbili. Ndani ya mwaka mmoja, karibu anga yote ya kaskazini na ya kusini inapita juu ya migomba ya kwenu.

Faida ya pili haizungumzwi sana. Darubini hizi zinasogea kushoto-kulia na juu-chini tu, lakini anga inazunguka. Matokeo yake, kadiri muda unavyosonga, picha inapinda polepole kama picha ukutani iliyolegea msumari, na programu inalazimika kukata kingo. Sasa, hapa kwetu nyota zinazotoka mashariki zinapanda wima kama lifti. Darubini ikifuata kitu kinachopanda kutoka mashariki kabisa, inainua shingo tu, na picha haipindi. Orion inapita karibu kabisa na njia hiyo. Kwa hivyo ipige ikiwa inapanda mashariki, usingoje ifike utosini. Ikifika utosini mambo yanageuka: darubini inapaswa kujizungusha haraka sana, picha zinaanza kukataliwa moja baada ya nyingine, na wewe unaanza kulaumu mchina wa watu. Ikipita digrii 80 kwenda juu, badilisha kitu.

Kuna kitu wazungu wanasifu sana, kuinamisha darubini ielekee ncha ya anga ili picha isipinde kabisa. Kwao London ncha hiyo iko zaidi ya nusu ya njia kupanda juu, kwa hivyo wanainamisha kidogo na maisha yanaendelea. Marani ncha iko chini kabisa, kwenye upeo wa macho, nyuma ya kilima cha jirani. Ili uipate itabidi darubini ilale ubavu kama ng'ombe mgonjwa. Itaanguka. Achana na hiyo maneno.

Sasa masharti. Gusii ni nchi ya mvua. Ile radi ya mchana inayotoka upande wa Ziwa Victoria unaijua tangu utotoni, na hakuna programu itakuombea. Lakini mara nyingi mvua ya alasiri ikishapita, usiku unafunguka, na hewa imeoshwa vumbi na moshi. Hapo ndipo pa kuvizia. Desemba hadi Februari mvua hupungua, na Julai kuna siku za nafuu. Machi hadi Mei, lala tu.

Adui wa pili ni umande. Saa nne usiku nyasi zimelowa, na lenzi nayo inalowa. S50 ina hita ndogo ndani ya kuzuia hilo. Iwashe mapema, kabla haujaona picha zikiwa na ukungu, na ujue inakula betri. Betri ikiwa imejaa inakupa kama saa sita bila hita, kwa hivyo beba pawabanki.

Adui wa tatu ni taa. Marani iko kaskazini ya Kisii tao, kwa hivyo mng'aro wa mji uko upande wa kusini, pale pale ambapo Wingu la Magellan na Carina zinapita zikiwa chini. Ongeza ile taa ya mulika mwizi pale sokoni. Tafuta sehemu ambayo nyumba au mikaratusi inaziba taa lakini kusini kunabaki wazi. Darubini ina filta ndani inayoruhusu rangi mbili tu, ile nyekundu ya haidrojeni na ile ya kijani-buluu ya oksijeni, na kwa nebula inasaidia sana kukata mwanga wa taa. Kwa galaksi izime. Galaksi ni nyota mabilioni za kila rangi, ukiweka filta unajinyima chakula.

Na uwanja wenyewe. Ushago wetu ni mteremko juu ya mteremko. Darubini inataka kukaa sawasawa kabisa, kwa hivyo saruji ya varanda inashinda shamba, na programu itakuonyesha kipimo cha usawa kwenye simu. Usiweke njia ya ng'ombe.

Hii sehemu usiiruke

Usiku, kijijini, mtu amesimama kizani kimya, mbele yake kitu kinatoa sauti ya mota na ka-taa, kinazunguka chenyewe kikiangalia juu. Wewe unajua ni sayansi. Jirani anayetoka nje kwenda choo hajui.

Stori za night runners wa Kisii ni tamu kwa TikTok. Lakini Oktoba 2021, hapa hapa Marani, wanawake wanne wazee waliuawa na umati uliowasingizia uchawi. Hakuna aliyengoja ushahidi. Kwa hivyo usije ukaniambia "si ni hobby tu". Na kumbuka anayeweza kuumia si lazima awe wewe uliyetoka Nairobi na viatu vyeupe. Wewe utarudi Januari. Minong'ono itabaki na magokoro wako, kwa sababu ile taa ilionekana boma lake.

Fanya hivi. Kabla ya usiku wa kwanza, ongea na wenye boma. Pitia kwa mzee wa kijiji na majirani wa Nyumba Kumi mchana, ukiwa na kile kitu mkononi, uwaeleze kwa Ekegusii, si kwa Kiingereza cha mashine. Halafu waite waje waone. Njia rahisi kuliko zote ni kuanza na jua: darubini inakuja na filta ya jua, unaifunga mbele ya lenzi, na saa sita mchana kila mtu anaona madoa meusi ya jua kwenye simu yako. (Bila hiyo filta usielekeze darubini kwa jua hata sekunde moja, utachoma sensa. Na macho ya mtu yasitumiwe kabisa.) Jioni waonyeshe mwezi na mashimo yake. Mzee akishaona mwezi kwa mkono wake mwenyewe, yeye ndiye atawaeleza wengine, tena kwa madoido. Ukitoka usiku, usitoke peke yako, na kaa karibu na nyumba mahali unapoonekana. Hakuna picha ya galaksi inayodai ujifiche migombani.

Usiku mmoja wa Desemba

Chagua usiku usio na mwezi, au ambao mwezi umeshazama. Jua linazama kama saa kumi na mbili na dakika arobaini, na giza la kweli linaingia karibu saa mbili.

Saa mbili, tuseme katikati ya mwezi, Andromeda iko kaskazini, karibu nusu ya njia kwenda juu. Ianze nayo kwa sababu inaenda kushuka. Jua kwamba ni kubwa: upana wake angani ni zaidi ya digrii 3, mwezi mara sita, na S50 inaona digrii 1.27 kwa 0.72 tu. Utapata kiini chake na mikanda ya vumbi, au utumie ile njia ya kuunganisha vipande, ambayo inataka subira. Mwanga unaoingia kwa lenzi yako usiku huo ulitoka huko miaka milioni 2.5 iliyopita. Yule kijana wa Turkana, ambaye mifupa yake ilipatikana kando ya ziwa, aliishi kama miaka milioni 1.5 iliyopita. Alipozaliwa, mwanga huo ulikuwa tayari safarini miaka milioni moja.

Saa tatu hadi saa tano, Orion, mashariki. Hii ndiyo itakupa jina kijijini. Dakika ya kwanza utaona kitu kama moshi wa jikoni. Dakika ya tano mabawa yanajitokeza. Acha simu, chemsha chai, rudi baada ya saa.

Kuanzia saa sita usiku, geukia kusini umtafute Tarantula, nebula iliyo ndani ya Wingu Kubwa la Magellan. Iko digrii kama 21 tu juu ya upeo, kwa hivyo kilima kikikaa vibaya umekosa. Lakini ukiipata, fikiria umbali: Orion ni miaka ya mwanga 1,300 na hii ni 160,000, na bado inaonekana. Kama ingekuwa mahali pa Orion, inasemekana ingetupa vivuli usiku. Ni kiwanda cha nyota cha aina nyingine kabisa.

Kuna picha zitaharibika. Setilaiti zitapita na kuacha mistari, upepo utatikisa, mbwa atagonga mguu wa tripodi. Programu inatupa nyingi za hizo yenyewe. Ukiona inatupa zaidi ya nusu, angalia kama ardhi imelegea au kitu kimepanda utosini.

Doh

S50 ilipotoka iliuzwa karibu dola 500, yaani kama thao 65, kabla ya usafiri, VAT ya asilimia 16 na ada zingine za forodha. S30 ni nafuu. Si pesa ya kucheza nayo, na nitakuwa mkweli: kama bado unalipia HELB na keja, subiri. Lakini wasee watano wa chama wakichanga, inakuwa thao 13 kila mtu kabla ya kodi, na hii ni kitu ya kutumia na watu kumi kwa wakati mmoja bila foleni ya kuchungulia. Ukitaka kwanza kuonja bila kununua, Travelling Telescope, iliyoanzishwa na Susan Murabana na mumewe, imezunguka Kenya miaka mingi ikionyesha watoto wa shule na watu wazima anga kwa darubini kubwa. Angalia ratiba yao.

Na usiseme hizi ni vitu vya wazungu. Setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahususi kuchunguza eksirei kutoka angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970. Kwa sababu ilikuwa Jamhuri Dei, waliipa jina Uhuru. Vitabu vya astronomia kote duniani vina hilo neno la Kiswahili, na nina uhakika nusu ya darasa lako halijui.

Asubuhi, kabla ya kupost, hifadhi zile faili ghafi za FITS, siyo tu ile JPEG. Mtu lazima atakuja kwa comments kusema umetoa Google au ni AI, na ana haki ya kuuliza, maana kuna simu zinazojichorea mwezi zenyewe. Ukiwa na picha 600 za sekunde 10, kila moja na saa yake na mchanga wake, mjadala unaisha. Faili hizo hizo ndizo utazipeleka kwa kompyuta ukirudi Nairobi: Siril na GraXpert ni za bure, ya kwanza inalundika upya na kuvuta mwanga, ya pili inafuta ule mng'aro wa Kisii tao chini ya picha. Usivute rangi hadi Orion ifanane na soda ya stroberi. Kwa caption andika dakika ngapi, tarehe, kama kulikuwa na filta, na uandike Marani. Wengi wataenda kuitafuta kwa ramani.